Kidonge Kilichofichwa Kwenye Droo ya Cherehani

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa na cherehani moja, meza moja ya kupigia pasi, na vipande vya vitambaa vya kutosha kuvisha shule nzima. Mke alishona. Mume alipiga pasi. Wateja walimwita mke Fundi na mume Bwana Pasi, na wote wawili waliitika bila kununa.

Fundi alikuwa na tabia moja: hakumaliza kitu. Kitambaa lazima kibaki kipande. Uzi ukibaki urefu wa kidole, anauzungushia kwenye kadi. Droo ya cherehani yake ilijaa mpaka ikawa inavutwa kwa mikono miwili.

"Mke wangu," Bwana Pasi alimtania, "siku nikifa utanibakiza kipande."

"Nitabakiza mkono wa pasi. Hivyo vingine vya nini?"

Binti yao wa miaka minne alicheka sana, ingawa hakuelewa. Alikuwa mfupi na wa mviringo, ndiyo maana walimwita Kifungo. Na kweli, kazi yake ilikuwa vifungo. Alikaa chini karibu na bati lake la vifungo, mama akiita, "Bluu, matundu manne!" Kabla hujapepesa macho, kifungo kiko mkononi.

Wiki moja bati likakaa kimya. Kifungo alipata homa kali, mafua na kikohozi. Macho yakawa mekundu. Siku ya nne vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikaenea usoni, vikateremka kifuani.

Bwana Pasi aliacha suruali ya mteja ikiwa na mkunjo mguu mmoja tu. Alimbeba mtoto hadi zahanati, Fundi nyuma yake, mgongoni amembeba mdogo wa Kifungo, mtoto wa miezi saba.

"Hii ni surua," muuguzi alisema. "Chanjo alimaliza?"

Fundi aliangalia sakafu. "Alichanjwa mara moja. Ya pili hatukurudi. Tulikuwa na sare za shule."

Muuguzi hakugomba. Alichukua kidonge laini chenye mafuta ndani, akakikata ncha, akamkamulia Kifungo mdomoni. Kisha akampa Fundi kingine.

"Hii ni vitamini A. Kile ni cha leo. Hiki mpe kesho, saa kama hizi. Usisahau."

Fundi hakusahau. Hapo ndipo tatizo lilipo. Kesho yake alikitoa kidonge, akamwona Kifungo homa imepungua kidogo. Akamtazama na mdogo wake, aliyekuwa akinyonya mkono wake bila habari na dunia. Akawaza: "Na huyu akiugua je?" Akakiweka kidonge kwenye kopo la uzi, ndani ya droo. Hakumwambia mtu.

Siku mbili baadaye alikuwa akimalizia shati. Kifungo alikuwa amelala kwenye mkeka, uso ameuelekeza ukutani.

"Mwanangu, nitafutie kifungo. Cheupe, kikubwa."

Mtoto alinyoosha mkono, akapapasa kwenye bati. Alipapasa tu. Macho aliyafumba.

"Angalia, mwanangu."

"Macho hayataki," Kifungo alisema. "Yana mchanga."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

Wakati huohuo hodi ikapigwa. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Watu walimwita Mama Mizani kwa sababu ya mizani ya kupimia watoto aliyobeba begani kila siku.

"Hodi wenyewe! Nimesikia Kifungo anaumwa. Shemeji, hiyo pasi inaunguza, au ndiyo mtindo mpya?"

Bwana Pasi aliinua pasi haraka. Mama Mizani alichuchumaa kwa Kifungo. Alihesabu pumzi zake. Alimpa maji, akaona anakunywa. Kisha akamtazama macho kwa muda mrefu, na utani ukaisha usoni.

"Mama Kifungo, vidonge vya vitamini alimeza vyote viwili?"

Bwana Pasi akamgeukia mkewe. "Si ulimpa cha pili?"

Fundi alivuta droo kwa mikono miwili. Kidonge kilikuwa kimepasuka. Kimegandana na uzi wa kijani na vumbi la chaki.

"Nilimwekea mdogo wake," alisema. "Nikadhani kimoja kimetosha. Dada, nitukane tu."

"Nikikutukana vitamini itarudi? Hebu nipe lile koti."

Lilikuwa koti la mteja. Mama Mizani aliligeuza ndani nje.

"Hii inaitwaje?"

"Bitana," Fundi alisema.

"Mwili nao una bitana. Ndani ya macho, puani, kooni, kwenye mapafu, kwenye matumbo. Ni ngozi laini inayozuia vijidudu visipite. Vitamini A ndiyo inayoiweka bitana hiyo nzima na yenye unyevu. Pia inawasaidia askari wa mwili, wale walio kwenye damu, wakue vizuri na wapigane."

"Na surua?"

"Surua ni mwizi. Inachana bitana, halafu inakomba akiba yote ya vitamini A mwilini. Askari wanabaki na njaa. Ndipo mtoto anapata kichomi, au anaharisha, au macho yanakauka. Yakikauka sana hupata kidonda. Mtoto anaweza asione tena."

Bwana Pasi alikaa chini.

"Kwa hiyo wanatoa mara mbili, leo na kesho," Mama Mizani aliendelea. "Cha kwanza hakitoshi kurudisha kilichoibiwa. Wewe fundi, ungeshona bitana nusu koti?"

"Mteja angenirushia usoni."

"Basi."

Fundi alishaanza kufunga kanga. "Twende zahanati. Sasa hivi."

"Yule bibi wa shati anakuja mchana," Bwana Pasi alisema.

"Atavaa gauni. Beba mtoto."

Muuguzi alimchunguza Kifungo kwa tochi ndogo. Weupe wa macho ulikuwa umeanza kukauka, lakini kioo cha jicho kilikuwa bado safi.

"Mmewahi," alisema. "Mngengoja wiki, ningewapa maneno mengine."

Alimkamulia Kifungo kidonge kipya, akatoa na dawa ya kupaka machoni. "Kwa sababu ya macho haya, atahitaji cha tatu. Mrudi baada ya wiki nne. Akipumua haraka, akishindwa kunywa, akipata degedege, au jicho likiwa na ukungu, msingoje tarehe."

"Na huyu mdogo?" Fundi aliuliza. "Nimpe kipi?"

"Wewe usimpe chochote. Ana kipimo chake, cha umri wake. Vitamini A ikizidi ni sumu. Mimi nitampa. Na kwa kuwa surua imeingia mtaani, tutamchanja leo, kisha arudie akitimiza miezi tisa. Vitamini si chanjo. Chanjo ndiyo inayozuia surua."

Fundi alisikiliza kila neno kama anayefanya mtihani. Nyumbani alichukua chaki ya kitambaa, akaandika tarehe zote mbili, ya kidonge na ya chanjo, kwenye mbao za meza, kwa herufi kubwa.

"Wateja watadhani ni siku ya nguo zao," Bwana Pasi alisema.

"Wadhani. Ukizifuta nakufuta wewe."

Mteja mmoja alimwambia asimpe mgonjwa wa surua mayai wala mafuta. Fundi alimshukuru kwa adabu, akampa nguo yake, kisha akampikia Kifungo yai. Kila siku alimpa boga, au viazi vitamu vya rangi ya chungwa, au mboga za majani zilizotiwa mafuta kidogo, maana vitamini A huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta. Papai lilipopatikana, Kifungo alilila mpaka masikioni.

Wiki ya tatu Fundi alikuwa ameinama kwenye cherehani. Akasema kwa mazoea tu, bila kutumaini, "Bluu, matundu manne."

"Hiki kina ufa, mama. Chukua hiki."

Fundi aligeuka. Kifungo alikuwa ameinua vifungo viwili dirishani, akivilinganisha kwenye mwanga, macho wazi. Fundi alijifanya anatafuta mkasi, ili apate muda wa kujifuta uso.

Tarehe ya chaki ilipofika walikuwa wa kwanza zahanati. Muuguzi alitazama macho ya Kifungo, akatabasamu, akamkamulia kidonge cha tatu. Alitaka kulitupa ganda lake.

"Dada, ngoja," Fundi alisema, akilishika ganda kwenye mwanga. "Kuna tone limebaki. Kamua tena."