Vijia vya Makaburini

Ilianza na harufu ya udi, mchana kweupe, ndani ya ofisi ya makaburi ya zamani huko Saint Paul, ughaibuni, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufukiza hata ubani. Imelda, meneja wa makaburi hayo, akadhani labda ni koti lake. Kisha mtu akabisha hodi, kwa Kiswahili. Alipofungua mlango akakuta theluji tupu, hata unyayo hakuna.

Jamani, Imelda hakuwa mtu wa kuogopa vivuli. Ndiye aliyeyaokoa makaburi yale. Yalikuwa yamejaa, hakuna tena eneo la kuuza, hivyo hata hela ya kukata nyasi na kusimamisha mawe yaliyoanguka ilikosekana. Akaiambia bodi: tuuze vijia vya katikati ya safu, tuzike humo. Bodi ikampigia makofi. Mwaka haujaisha, wa kwanza kuzikwa kijiani akawa Tulia, binti yake wa pekee, aliyechukuliwa ghafla na homa ya uti wa mgongo.

Hodi zikaendelea. Mumewe, Godlisten, kuona mkewe anakonda, akamleta maalim mmoja wa Tanga anayeishi Columbia Heights, mji wa jirani. Wao ni Walutheri, lakini maji yalishafika shingoni. Maalim akalizunguka kaburi, akarudi hana raha.

"Mmemlaza mtoto kwenye njia wanayopita majini," akanong'ona. "Mhamisheni, watajiondokea. Mpaka hapo, msiwape ruhusa ya kuingia."

Godlisten akataka mtoto ahamishiwe makaburi ya Inver Grove Heights haraka. Imelda akakataa katakata, na sababu hakumwambia mtu: mbisha hodi sasa alikuwa na sauti ya Tulia. Tena kwa Kiswahili! Enzi za uhai wake mtoto yule alielewa kila neno, ila akijibu ni Kiingereza tu, na mama yake alimbembeleza hadi akachoka. Moyo wa kuifukuza sauti ile angeutoa wapi?

Jioni moja amebaki peke yake ofisini, harufu ya udi ikapenya chini ya mlango, imechanganyika na ya udongo mbichi, ikamjaa kooni, na kucha ndogo zikaanza kukwaruza mbao, polepole, kutoka chini hadi kwenye kitasa, na yeye, ambaye mwili mzima ulikuwa unamwambia kimbia, akapiga magoti akaegemeza shavu mlangoni, maana mwanawe alikuwa analia nje kwenye baridi.

"Mama, utakuja lini kulala na mimi?"

"Karibuni, mwanangu," akasema. "Karibuni."

Yeye alimaanisha siku si nyingi. Huko nje wakasikia wanakaribishwa, tena wote.

Kitasa kikazunguka. Miguu ikampita, mingi, mizito, ikiacha tope kwenye zulia. Imelda alitambaa akizikagua nyayo zile, mmoja mmoja, akiutafuta wa mtoto. Zote zilikuwa za watu wazima.