Glavu Mbili za Mkono wa Kushoto

Ilikuwa Jumanne, tarehe tatu Novemba mwaka 1998, saa kumi na dakika ishirini alasiri, ukungu ulipoufunika Mlima Lozère na kushuka hadi paa la kwanza la kijiji cha Malbosquet. Wanaosema ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini waliitazama saa ya kanisa, ambayo ilikuwa bado haijarudishwa nyuma saa moja kwa majira ya baridi, kama sheria inavyotaka kila mwaka, ingawa saa nyingine zote nchini zilikuwa zimerudishwa siku tisa kabla. Fulcrand Bastide aliitazama saa yake ya mfukoni, nayo ilikuwa imerudishwa.

Aliitazama kwa sababu Noélie, mkewe, alipaswa kuwa nyumbani tangu saa kumi kamili.

Msimu wa wageni ulikuwa umekwisha, na kila mwaka ulipokwisha, Fulcrand alipanda hadi kibanda cha wapanda milima kuteremsha daftari lenye majina yao kabla theluji haijafunga njia. Mwaka huo goti lilikuwa limevimba. Asubuhi Noélie alikuwa amemzuia mlangoni.

"Kaa na goti lako, mzee. Nitakwenda mimi."

"Njia unaijua?"

"Mwanamume huyu! Nimechunga kondoo huko kabla hujajua kufunga viatu. Mwaka jana ulitumia saa sita, ukarudi unanuka mvinyo wa Privat."

"Basi vaa glavu."

Akamwonyesha mikono yake miwili, akivichezesha vidole usoni pake kama anayembembeleza mtoto. Glavu zilikuwa za sufu ya kijivu, alizozifuma mwenyewe. Akaondoka akicheka.

Fulcrand alichukua fimbo, akachechemea hadi kwenye mnara wa kengele ya tufani.

Kengele hiyo haikuwa ya sala. Wazee waliijengea mnara wake wa mawe ili ukungu au theluji ikishuka, aliyepotea mlimani aifuate sauti yake hadi nyumbani. Ilikuwa na kanuni zake. Mpigaji alipiga mara tisa, kisha alinyamaza kwa muda wa sala moja ya Baba Yetu, akisikiliza. Aliyepotea hakuruhusiwa kuita. Alitakiwa kuokota jiwe na kuligonga juu ya jiwe jingine, mara tatu. Walioita kwa sauti walikuwa hawajibiwi, na kengele ilinyamazishwa papo hapo, kwa maana wale wa juu, ambao Malbosquet haikuwahi kuwapa jina lingine, wana sauti ya mtu yeyote wanayemtaka, lakini hawana mikono.

Kwa miaka isiyohesabika kanuni hizo zilikaa midomoni mwa watu. Majira ya kiangazi yaliyopita, Fulcrand alimsimulia binti mmoja wa ofisi ya njia za milimani, naye akaziandika zote kwenye kibao kizuri cha bati, mwanzo wa njia, ili wageni wazisome. Fulcrand alikipenda kibao hicho. Kila alipopita alikisoma chote kwa kidole, neno kwa neno.

Alipiga tisa. Akanyamaza.

Hakuna kitu… Harufu ya ukungu tu, ya majani yaliyolowa na chuma.

Akapiga tisa nyingine. Akanyamaza.

"Fulcraaand…"

Ilikuwa sauti ya Noélie, ikitoka upande wa korongo, mahali pasipo na njia. Fulcrand alianza kuifunga kamba. Hakujibu. Kanuni ilimtaka aiache kengele. Lakini kabla hajaifunga kamba, upande wa juu, mahali hasa njia inapopita, alisikia alichokuwa akikiomba.

Ko. Ko. Ko.

Jiwe juu ya jiwe. Machozi yalimtoka. Alishika kamba kwa nguvu zote, akapiga tisa, akanyamaza ili amsikie amekaribia kiasi gani.

Ko. Ko. Ko… kutoka njiani.

Ko. Ko. Ko… kutoka korongoni.

Ko. Ko. Ko… kutoka nyuma ya makaburi.

Zote sawasawa. Zote mara tatu.

"Acha kengele!" Privat, jirani yake, alitokea akihema, koti begani. "Umeshikwa na wazimu? Husikii?"

"Mmoja wao ni Noélie."

"Yupi?"

Fulcrand aligeukia njiani, kisha korongoni, kisha makaburini.

"Nilikwambia," Privat alinong'ona, "nilikwambia lile bati litatuua. Siri za babu zetu umeziweka barabarani kama bei ya jibini. Ulidhani wanaopita pale kusoma ni wageni peke yao?"

"Hawana mikono, Privat."

 Privat akasema kwa sauti ndogo mno, "Zile glavu za nguzoni."

Ni desturi ya njia za huko kwamba mpita njia akiokota glavu iliyoangushwa, huivisha juu ya nguzo ya kuonyesha njia iliyo karibu ili mwenyewe akirudi aione. Kufikia mwisho wa msimu nguzo nyingi huwa zimevaa, kama watu walioinua mkono mmoja. Jumapili Privat alikuwa amerudi kutoka mlimani akisema kwamba glavu zote zimetoweka, na wakamcheka mezani. Mwizi gani anaiba glavu mojamoja? Labda naye ana mkono mmoja! Noélie ndiye aliyecheka zaidi.

"Funga kamba," Privat alisema. "Ukipiga, unawaleta wote."

"Nisipopiga, atakufa huko."

Hakukuwa na la tatu. Fulcrand alipiga. Alipiga huku amefumba macho, bila kunyamaza tena, kwa kuwa hakutaka kusikia.

Mkono ulimgusa bega.

"Inatosha, mzee. Nimefika."

Noélie alikuwa amesimama nyuma yake, daftari kwapani, nywele zimelowa. Privat alimtazama, akafanya ishara ya msalaba, akaifungua kamba na kwenda nayo nyumbani kwake, kama kanuni inavyotaka mtu akishapatikana. Aliufunga mlango wake kwa komeo, na usiku ule hakumfungulia mtu.

Nyumbani Fulcrand alipasha moto supu ya kabichi. Noélie alikaa karibu na moto. Alikunywa bila kupuliza, ingawa supu ilikuwa ikichemka. Hapo ndipo Fulcrand alipoziona glavu. Moja ilikuwa nyekundu, nyingine nyeusi, na zote mbili zilikuwa za mkono wa kushoto. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilielekea upande usio wake.

"Zako ziko wapi?"

"Ziliniponyoka. Hizi niliziokota."

"Wapi? Nguzoni hakuna kitu."

"Niliziokota," alisema tena, kwa sauti ileile, kama aliyeulizwa mara ya kwanza.

Ndipo iliposikika, mbali, juu kabisa njiani.

Ko…

Ko.

Haikuwa sawasawa. Pigo la tatu lilichelewa, likaja dhaifu, kama la mtu ambaye vidole vyake vimeganda.

…Ko.

Fulcrand aliinuka. Goti lilikataa, akaegemea meza. Alitazama mlango. Theluji ilikuwa imeanza kupiga dirishani, kamba ya kengele ilikuwa kwa Privat, na Noélie alikuwa tayari amesimama kati yake na mlango, ingawa hakumwona akinyanyuka.

"Kaa na goti lako, mzee," alisema kwa upole.

Akakaa.

Mawe yaligongana hadi saa mbili kasorobo usiku. Fulcrand aliyahesabu yote. Kisha yakanyamaza.

Hakuna aliyetoka kutafuta, kwa maana hakuna aliyepungua kijijini. Siku ya tano, theluji ilipopungua, wanaume walipanda kuziangalia nguzo, na juu ya nguzo ya mwisho walikuta glavu mbili za sufu ya kijivu. Privat anadai kila moja ilikuwa imefumbata jiwe. Si kweli. Jiwe lilikuwa katika moja tu.

Wengine husema Fulcrand aliipiga kengele hadi alfajiri. Si kweli pia. Aliacha saa kumi na moja na dakika arobaini, alipoguswa bega. Husemwa kwamba alikivunja kibao cha bati kwa shoka. Kibao kipo, isipokuwa yeye hupita upande wa pili wa njia. Na wanawake wa Malbosquet husema kwamba mke wa Fulcrand Bastide hajavua glavu zake tangu siku ile, hata kanisani. Wamekosea. Huzivua kila jioni mbele ya moto, moja baada ya nyingine, na kuziweka mezani. Asiyetazama ni Fulcrand.