Bubu wa Chwa

Stendi ya basi ya Kisumu ilikuwa vumbi na kelele tupu. Aoko alikuwa ameinamia sufuria yake aliposikia mtu akisema juu ya kichwa chake, "Nipe shwa moja."

Abiria waliokaa kwenye benchi wakacheka. Aoko akainua macho. Aliona kijana mrefu, shati jeupe la tetroni, suruali imenyooshwa kwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate.

"Hiyo sina," akamjibu. "Hapa kuna chwa. Ni kinywaji cha ukwaju na sukari guru ya Awasi."

"Ndiyo hiyo. Shwa."

"Ulimi wako umelala? Sema ch. Kama chai."

"Shai."

Aoko alicheka mpaka kitambaa cha manjano kikamteleza kichwani.

"Na wewe sema sharubati," kijana akamwambia.

"Sarubati."

"Basi tumetoshana. Mimi ni Irungu, niko kwa mjomba wangu, duka lile la nguo."

Tangu hapo Irungu akawa haendi nyumbani kabla ya kupita pale. Aoko alimwekea kibonge cha simsim kiganjani, kikubwa kuliko vya wengine, kisha akajifanya anaangalia mabasi.

"Aoko jaber," Irungu alimwambia siku moja, maana neno hilo la kusifu uzuri alilijua vizuri, "mama yako kule Kaloleni anapokea wageni?"

"Anapokea wanaoweza kuomba chwa."

"Basi siku nitakayoitamka sawasawa, nakuja kukuposa."

"Nitazeeka!"

"Subiri tu, mama."

Ukafika ule mwezi wa mwaka sitini na tisa ambao habari ya kuuawa kwa waziri mpendwa wa watu wa ziwani ilitoka Nairobi, na Kisumu ikalia. Kilio kikageuka hasira, na hasira ikaanza kuwauliza watu lugha zao. Muuaji alisemekana kuwa wa kabila la akina Irungu, na mjomba akafunga duka. Irungu, kichwa chake kigumu, akaja kwenye sufuria kama kawaida.

Dalmas, mpakia mizigo wa bandarini, alikuwa pale na wenzake. Akamtazama Irungu kutoka viatu mpaka nywele.

"Omera, ndugu yangu, una kiu. Agiza, tusikie."

Abiria wakageuka kumsikiliza. Irungu akafungua mdomo.

"Mwacheni huyo!" Aoko akadakia. "Ni bubu. Hununua kwa kidole."

Irungu akamtazama, mdomo ungali wazi. Kisha, polepole, akainua kidole kimoja. Aoko akachota kwa pupa, chwa ikamwagikia shati jeupe.

"Pole, bubu," Dalmas akasema, akampiga begani kwa huruma ya kweli. "Mungu amekuonea."

Walipokutana nyuma ya duka la Mzee Kanji, Mhindi mwenye simu hapo stendini, Irungu alinong'ona kwa uchungu, "Umenifanya bubu mbele ya watu!"

"Nimekufanya mzima."

"Nitaposaje bila mdomo?"

"Nenda kwenu, Irungu."

"Unanifukuza?"

Aoko alitaka kusema hapana. Lakini Dalmas alikuwa anapita upande wa pili wa ukuta, anapiga mluzi, na Aoko akafunga mdomo. Irungu akageuka, akaenda zake. Kesho yake aliondoka na lori la mjomba, amekaa katikati ya majora ya vitambaa.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza Mzee Kanji alipoita, "Aoko! Simu ya Nakuru. Hapana sema jina."

Akakimbia na mikono yenye simsim. Kwenye kaunta alisimama Dalmas, ananunua sigara.

"Halo?"

Sauti ikasema, safi kama ya mama yake mwenyewe, "Chwa. Umesikia, jaber? Chwa. Nimejifunza kila siku."

Aoko akaushikilia mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Nani huyo?" Dalmas akauliza, akiwasha sigara yake.

"Nakuja kwa mama yako," sauti ikasema. "Niambie nije."

Aoko alitazama nje, stendi yote ile, midomo yote ile.

"Umekosea namba, bwana," akasema, akakata simu.

Aliporudi kwenye sufuria, alimkuta abiria mgeni amesimama, ameinua kidole kimoja.

"Sema!" Aoko akamfokea, machozi yakimshuka. "Una mdomo. Sema!"