Benchi la Waliotoka

Mtoto alianguka, na ardhi ikamdaka.

Ilikuwa hivi. Binti wa miaka minane alikuwa anakimbia kukwepa mpira, akajikwaa, akaenda chini uso mbele. Kabla pua haijafika, nyasi zilititia chini yake, zikampokea taratibu, kisha zikamwinua akasimama tena bila hata mkwaruzo. Ndiyo kazi ya uwanja-hai, fahari ya jiji la Iringa: eka mbili za nyasi na udongo vilivyotandazwa juu ya misuli ya plastiki, zinazohisi uzito wa kila mguu, zinazojichorea mistari ya mchezo wowote, na kulainika pale tu mtoto anapokaribia kuumia. Kila mtoto huvaa bangili, na kwa bangili hiyo uwanja humjua jina, umri, mapigo ya moyo na mahali alipo. Sauti ya uwanja, ile inayotangaza na kuamua, inaitwa Mratibu.

"Leticia ametoka," Mratibu akasema, maana mpira ulikuwa umemgusa begani akianguka. Mstari mwekundu ukawaka mbele ya miguu ya yule binti, ukamwongoza hadi benchini.

Mhandisi Skolastika Kiwele alikuwa amesimama pembeni na kisanduku chake cha vifaa. Uwanja huo aliubuni yeye, miaka sita iliyopita, na wageni wakija kuushangaa ni yeye huitwa kuwaeleza. Jumatano hiyo, wiki ya tatu ya kambi ya likizo ya Juni, hapakuwa na wageni wala kitu cha kutengeneza. Kisanduku alikibeba apate kisingizio cha kuingia. Alikuja kumwona mwanawe.

Sekela, kitinda mimba wake, miaka mitano na nusu, alikuwa benchini. Sawa, rede ni rede: wawili wanarusha, walio katikati wanakwepa, ukiguswa na mpira unatoka. Lakini Skolastika alifika kabla mchezo haujaanza, na aliona kwa macho yake. Watoto waliingia langoni, wakubwa wakakimbilia katikati, na Sekela na wenzake kumi wadogo wakaenda moja kwa moja benchini wakakaa, mikono mapajani, sweta zimefungwa vifungo hadi shingoni. Hakuna aliyewaambia. Mpira ulikuwa haujarushwa hata mara moja.

Na hicho ndicho alichokuwa akikiogopa tangu Jumapili. Jumapili binamu zake Sekela walikuja nyumbani, wakajenga jiko la mawe nyuma ya nyumba, wakapika matope kwenye makopo, wakamwita. Sekela akakaa kizingitini. "Njoo bwana, wewe ndiye mtoto wetu," wakambembeleza. Akawajibu bila kununa, kama mtu anayetaja jina lake: "Mimi nishatoka." Skolastika alikuwa anachambua maharage, na mkono ukabaki palepale kwenye ungo. Mtoto huyu mwezi uliopita alikuwa akiwalisha matope hata wageni wa jirani. Siku hiyo alikaa kizingitini mpaka binamu wakaaga.

Skolastika alibonyeza kitufe cha mafundi kwenye nguzo ya uwanja.

"Mratibu, wale walioko benchini, kwa nini hawachezi?"

"Habari za asubuhi, Mhandisi. Wamejitoa."

"Wote kumi na mmoja?"

"Wote. Wiki ya kwanza kila mmoja wao alikuwa akitoka ndani ya sekunde tisa. Wiki ya pili wakaanza kujitoa wenyewe. Kujitoa mapema kunaokoa muda wa mchezo, kwa hiyo niliwapa alama za nidhamu. Sekela Mwakajila anaongoza."

"Anaongoza nini?"

"Nidhamu. Nikuonyeshe mchoro?"

Hakutaka mchoro. Alitaka kuipiga teke ile nguzo, na kilichomzuia ni kwamba vidole vya mguu ni vyake.

Ubaya ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Mratibu hakuwa mwongo wala mkatili. Alikuwa anafanya alichofundishwa, na aliyemfundisha ni Skolastika. Katika akili ya Mratibu mtoto ana hali mbili tu: yumo, au ametoka. Aliyemo yuko ndani ya mistari, aliyetoka yuko benchini, na wote wawili uwanja unawajua walipo. Kanuni hiyo aliiandika kwa sababu mwaka mmoja, kabla ya uwanja-hai, mtoto wa miaka sita alisahauliwa ndani ya basi la kambi nyingine, akashinda humo mpaka alasiri, akakutwa sauti imemkauka. Skolastika aliwahi kuongea na mama wa yule mtoto. Alirudi nyumbani siku hiyo akaapa kwamba kwenye uwanja wake hatakuwepo mtoto wa kuelea katikati, ambaye hakuna anayejua kama yumo au hayumo. Nani angembishia?

Alichosahau, na hapa ndipo alipojichukia, ni kwamba yeye mwenyewe alikulia katikati hapohapo. Kihesa, mtaa wa utotoni mwake, kila rede ilikuwa na wasindikizaji. Msindikizaji ni mtoto mdogo aliyeingizwa mchezoni na dada yake, au na dada wa mtu yeyote. Anakimbia na wenzake, anapiga kelele na wenzake, na mpira ukimgusa watu wanacheka na mchezo unaendelea. Hatoki. Wakubwa humrushia chini, taratibu, na huku mmoja wao ana jicho kwake asije akapotelea barabarani. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Skolastika alikuwa msindikizaji miaka mitatu mizima. Siku alipoguswa na mpira, akiwa na miaka minane, na dada mmoja akamwambia, "Wewe umetoka," alikimbia mpaka nyumbani kumpa mama yake habari hizo, maana siku hiyo ndipo alipojua kwamba amekuwa mkubwa.

Sasa wadogo wa kambi hii wanaambiwa wametoka kabla hata hawajajua kuingia ni nini. Akabeba kisanduku chake, akaenda ofisini.

Bwana Leonsi Mgongolwa, mkurugenzi wa kambi, si mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, angalau mtu angejua pa kumshikia. Alimkaribisha kiti, akammiminia chai ya tangawizi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza kioo cha kompyuta mezani ili aone.

"Kilio, sifuri. Jeraha, sifuri. Siku kumi na saba mfululizo, dada yangu. Katika kambi zote arobaini na mbili zinazotumia mtambo wako, hakuna iliyotufikia."

"Hawalii kwa sababu hawachezi."

"Wametulia."

"Wana miaka mitano, Bwana Mgongolwa. Mtoto wa miaka mitano akikaa kimya saa tatu, nyumbani tunampeleka hospitali."

Mgongolwa alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Kwa hiyo unatakaje?"

"Niongeze hali ya tatu. Yumo, lakini hatoki. Ni kazi ya nusu siku."

"Andika pendekezo. Kamati inakaa Septemba."

"Likizo inaisha Ijumaa ijayo."

"Ndiyo maana inakaa Septemba. Watoto wakiwepo, nani ana nafasi ya kukaa kikao?" Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na Skolastika akameza chai ya moto ili asiseme lililokuwa mdomoni. "Halafu nikuulize, maana wewe ni mtaalamu. Nina watoto themanini na walezi wawili. Kanuni uliiandika mwenyewe. Mtoto asiyeamuliwa na Mratibu, mistari haimhusu, benchi halimhusu. Nani atakuwa anamwangalia?"

"Zamani walikuwa wanaangaliwa na wakubwa."

"Wakubwa wako wanaangalia mistari," Mgongolwa akasema.

Skolastika aliweka kikombe mezani. Miaka sita amekuwa akiwasimulia wageni kila ambacho uwanja wake unawapa watoto, ulaini na usalama na haki sawa kwa kila mmoja, na hakuna siku hata moja aliyojiuliza unawapunguzia nini. Alitoka bila kuaga vizuri.

Uwanjani alifungua kisanduku, akatoa ufunguo wa mafundi, akauchomeka kwenye nguzo, akauzima uwanja.

Mistari ilifutika. Nyasi zilishuka kwa pamoja, zikakaa kimya, zikawa nyasi tu juu ya udongo mgumu. Watoto wakubwa walisimama walipo. Jenipha, msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye wenzake walizoea kumfuata, alikuja na mpira mkononi.

"Mama, uwanja umekufa."

"Umelala. Endeleeni."

"Sasa nani atajua nani kaguswa?"

"Si nyinyi mnaocheza?"

Jenipha aliwatazama wenzake, nao wakamtazama yeye. Skolastika alichora mistari kwa kisigino, imepinda vibaya. Baridi ya Juni ilikuwa inauma, lakini alivua soksi zake, akazikunja moja ndani ya nyingine, akafanya mpira. Akawaeleza kuhusu wasindikizaji: wadogo wanaingia, hawatoki, unawarushia chini, unarusha taratibu.

"Hiyo si haki," akasema kijana mmoja.

"Si haki, ndiyo," akamjibu. "Na wewe uliwahi kuwa na miaka mitano."

Akageukia benchi. "Haya, wadogo, njooni. Leo mnaingia." Walimtazama. Wanne wakainuka, kwa wasiwasi, wakiangalia chini kila hatua. Saba hawakuinuka, na Sekela alikuwa mmoja wao.

"Njoo, mama," akamwambia.

"Mimi nishatoka."

"Hujatoka, mwanangu. Mchezo haujaanza."

"Nishatoka," Sekela akarudia, kwa upole, kama anamweleza mtu mzima jambo ambalo mtu mzima hawezi kulielewa. Skolastika akachuchumaa mbele yake, akamfungulia kifungo cha juu cha sweta.

Jenipha alipita mbele yake, akamshika Sekela mkono, akamshusha benchini. "Huyu wangu mimi," akatangaza. Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo, na Skolastika akageuza uso pembeni.

Wakaanza. Mpira wa soksi ukamgusa Sekela mguuni mara ya kwanza tu ulipopita, na papo hapo, bila kusubiri, mtoto akageuka akaanza kwenda benchini. Jenipha akamvuta kwa sweta. Mpira ukarudi, ukamgusa tena, akageuka tena, akavutwa tena. Mara ya tatu alipiga hatua moja tu kuelekea benchi, akasimama akasubiri kuvutwa, na Skolastika aliona kona ya mdomo wake ikicheka. Mara ya nne alikimbia na wenzake, akapiga ukelele mmoja mwembamba, akajikwaa, akaanguka.

Ardhi haikumdaka. Goti lilichunika, damu ikatoka, na Sekela akalia kilio kikubwa kilichosikika mpaka ofisini.

Mgongolwa alitoka mbio. "Siku kumi na saba, Mhandisi," akasema, akihema. "Siku kumi na saba."

"Naona."

"Washa uwanja."

"Baada ya mchezo."

"Naandika barua leo hii. Nitaandika kwamba umeuzima kwa mkono wako, na kwamba mtoto ameumia."

"Andika. Andika na hilo pia," Skolastika akamwonyesha kwa kidevu. Jenipha alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, analipuliza goti la Sekela, na yule kijana wa si haki alikuwa ameleta maji kwenye kifuniko cha chupa yake, nusu yamemwagika njiani. Wengine walikuwa wamewazunguka, kila mmoja anatoa ushauri wake wa daktari. Mkurugenzi aliwatazama mpaka kilio kikapungua.

"Na kesho?" akauliza baadaye, sauti imeshuka. "Kesho nani atakaa hapa?"

"Kesho nitakuja mimi, mpaka Ijumaa ijayo." Alijua anachosema ni kidogo. Kambi zilikuwa arobaini na mbili, kila moja na benchi lake, na yeye ni mmoja, bila soksi.

Sekela alikuja akichechemea. Kamasi na machozi vimechanganyika.

"Mama, mpira umenigusa halafu nimeanguka. Nimetoka?"

"Hapana."

"Nitatoka lini?"

"Ukikua."

Sekela alilifikiria jibu hilo kwa makini. Akajifuta pua kwa mkono wa sweta, na inaelekea lilimridhisha, kwa sababu hakuuliza tena. Badala ya kurudi katikati, alikwenda benchini walikobaki sita. Alisimama mbele ya Gaudensi, mtoto wa miaka mitano, jirani yake wa benchi wa wiki mbili nzima.

"Twende," akamwambia. "Sisi hatutoki."

Gaudensi aliangalia goti lenye damu, akamwangalia Sekela, akawaangalia wakubwa waliokuwa wanamngoja. Alitaka, mtu yeyote angeona kwamba anataka. Alijisogeza mpaka ukingoni mwa benchi, miguu ikining'inia. Kisha akatazama chini, pale ambapo mstari huwa unawaka, akasubiri uwake.