Aliyeshika Kamera

Kitu cha kwanza kilichomshangaza Chongo kilikuwa kioo.

Tangu asubuhi alikuwa amejifungia katika chumba chake cha uani, akitazama video za muziki za watu wengine ili aibe mbinu mbili tatu. Jina la Chongo dada huyu mpiga picha alipewa na wenzake kazini kwa tabia yake ya kufumba jicho moja hata asipokuwa na kamera mkononi. Kesho yake alikuwa ampige mdogo wake video ya wimbo wake wa kwanza, na alitaka picha zitakazowafanya watu waulize ni kazi ya nani. Kupitia dirisha alimsikia mdogo wake akiimba huku akianika nguo.

Video iliyomnasa ilikuwa ya zamani. Kamera iliingia katika nyumba moja kuukuu, ikapita kwenye ukumbi mrefu wenye kuta za bluu, ikachungulia chumba hiki na kile, ikamfuata mwimbaji mpaka jikoni bila kukatwa hata mara moja. Ilikwenda laini kama maji. Chongo alizijua kamera za enzi hizo. Zilivunja mabega ya watu. Akairudisha nyuma, akaitazama polepole, tena na tena. Kamera ilipopita mbele ya kabati lenye kioo, akaisimamisha video hapo hapo aone mpiga picha alijifichaje.

Kiooni palikuwa na ukuta wa bluu tu. Mtu hayupo. Kamera haipo.

"Huyu ni kiboko," alijisemea. Akaiacha video iendelee, akampigia simu Fundi Taa, mzee aliyemfundisha kazi, ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa mwishoni mwa video ile.

"Shikamoo mzee wangu. Ile video ya nyumba ya bluu, nani alishika kamera?"

"Marahaba. Umeitoa wapi hiyo?"

"Mtandaoni. Nataka kumpiga mdogo wangu vile vile."

"Mwanangu, sisi tulikuwa nje." Sauti yake ilishuka. "Mpiga picha alianguka pale mlangoni, povu linamtoka. Tukiwa tunahangaika naye, kamera ikaingia ndani yenyewe. Ilipotoka ilikuwa ya moto kama pasi. Tajiri aliyegharamia video akaona picha ni nzuri, akatuziba midomo. Nyumba ile ilikuwa na wenyewe. Umeirudia sana?"

"Tangu asubuhi."

"Izime."

Chongo akaizima kompyuta. Muziki ukakoma, ila picha ikaendelea kutembea, na pale palipokuwa na ngoma na gitaa sasa palisikika pumzi, nzito, ya mtu aliyebeba mzigo. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Kamera ikatoka jikoni, ambako video ilikuwa ikiishia siku zote, ikarudi ukumbini, ikazipita zile kuta za bluu hadi kwenye mlango ambao hakuwahi kuuona mle ndani, mlango wa mbao wenye kitasa kilicholegea na koti la mvua likining'inia kwenye msumari, mlango wa chumba hiki hiki alimokuwa amekaa, nao ukafunguka taratibu, na kwenye skrini akaona kiti, mtandio wa kijani, na kisogo cha mwanamke aliyeweka simu sikioni, huku shingo yake mwenyewe ikianza kupata joto.

"Iko nyuma yangu," alinong'ona.

"Usigeuke. Ikikuona uso ndiyo basi tena. Nani yupo karibu?"

"Mdogo wangu, yuko uani."

"Jifunike uso gubigubi, umwite, ufuate sauti yake mpaka nje. Usifunue mpaka..."

Simu ikakatika.

Alijifunika mtandio, akainuka. Akamwita mdogo wake. Huko nje wimbo ukakatika.

"Dada? Njoo huku," sauti ya mdogo wake ikajibu.

Akaifuata sauti akipapasa, na kile chumba kidogo ambamo siku zote aliinuka kitini akashika kitasa kikawa hakiishi, akatembea, akatembea tena, kiganja chake kikagusa ukuta wa baridi uliokwenda mbele bila kona wala dirisha, na kila alipotaka kusimama ile sauti ilimvuta kwa upole, njoo Dada, bado kidogo, umefika, mpaka mkono ukaushika wake na machozi yakamtoka kwa faraja. Mkono ulikuwa wa moto. Alidhani ni jua la uani.

Ndipo akasikia mlango ukigongwa, mbali sana nyuma yake.

"Dada, umeniita? Mbona mlango haufunguki?"

Chongo akajaribu kuuvuta mkono wake. Haukuachiwa. Kitu kizito kikawekwa begani mwake, kikatulia pale pale kamera inapokaa, na sauti ya mdogo wake ikamnong'oneza sikioni:

"Funua uso sasa, Dada. Tunaanza."