Orodha Isiyo na Mtu

Kila siku baada ya masomo, Chapuchapu alipitia kituo cha afya alikofanya kazi mama yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina hilo alilipata nyumbani kwa kufanya kila kitu mbiombio: kula, kuoga, hata kufagia. Mama yake alikuwa mpimaji wa damu. Chapuchapu aliketi kwenye meza ya kompyuta, kando ya friji ya maabara, akifanya kazi za shule mpaka zamu ya mama iishe.

Maabara ilikuwa na daftari la watu waliokubali kuitwa kutoa damu ikihitajika. Kumtafuta mtu wa kundi fulani kulimaanisha kufunua kurasa nyingi. Chapuchapu, aliyekuwa akijifunza kuandika programu shuleni, aliomba ruhusa ya kurahisisha kazi hiyo. Akayaingiza majina yote kwenye kompyuta. Ukichagua kundi la damu na kubonyeza kitufe, programu ilikusanya orodha ya watu wa kundi hilo, kisha ikaonyesha jina na simu ya mtu wa kwanza.

Siku ya kuionyesha, mkuu wa maabara, mzee mwenye mizaha, alichagua kundi O hasi. Daftari zima halikuwa na mtu wa kundi hilo. Programu ikamtafuta wa kwanza kwenye orodha tupu, isimpate. Maandishi mekundu yakajaa kwenye skrini, na kila kitu kikazima.

"Loo, imezimia!" mkuu alisema. "Tuiongezee damu?"

Waliokuwapo waliangua kicheko. Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni kitu kidogo, babu. Narekebisha sasa hivi."

Dakika kumi hazikwisha. Aliielekeza programu kwamba ikikuta orodha ya kundi ni tupu, imchukue mtu wa kwanza wa daftari zima. Mkuu akajaribu makundi mengine mawili, majina yakatoka, akampa mkono wa pongezi. Chapuchapu alijua kwamba jibu la O hasi sasa lingekuwa la uongo. Lakini kundi lenyewe ni adimu, alijiambia, nani ataliuliza?

Wiki mbili baadaye, alasiri, mkunga aliingia maabara bila kubisha hodi.

"Dada, kuna mama amejifungua, damu haikatiki. Ni O hasi, na friji yetu haina hata mfuko mmoja!"

Mama yake Chapuchapu alichagua O hasi, akabonyeza kitufe. Likatoka jina la fundi mwashi, mama akampigia papo hapo.

"Nipe nusu saa," fundi alisema. "Naacha ukuta, nakuja."

"Basi tumsubiri," mkunga alisema, akarudi wodini mbio.

Penseli ilimponyoka Chapuchapu. Fundi mwashi ndiye aliyekuwa wa kwanza katika daftari. Alilivuta taratibu, akafunua ukurasa wa mwanzo. Kundi B. Akisema, mama ataaibika mbele ya mkuu wake. Asiposema... Mshale wa saa ya ukutani ulikuwa umeshasogea dakika nne.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo. Akamsogezea daftari. "Mama! Fundi si O hasi. Hatuna mtu wa O hasi. Programu inataja jina tu. Mimi ndiye niliyeifanya hivyo."

Mama alilitazama daftari, kisha akamtazama yeye. Alinyakua simu, akapiga hospitali kuu.

"Ipo mifuko miwili," alijibiwa. "Gari linaondoka sasa."

Kusubiri kulikuwa kurefu. Hakuna aliyemgombeza Chapuchapu, na hilo lilimuumiza zaidi. Kila mlango wa wodi ulipogongwa, aliinuka kuchungulia. Hatimaye gari lilifika, na sanduku la damu likapitishwa mbio. Baada ya muda uliokuwa kama mwaka, mkunga alichungulia.

"Anaongea," alisema, akijifuta jasho. "Anataka chai."

Chapuchapu alilia.

Fundi mwashi naye alikuwa amefika, mikono ikiwa imejaa saruji. Chapuchapu alimweleza kila kitu mwenyewe, akamwomba radhi.

"Saruji niliyoikoroga imeshaganda huko," fundi alisema, akaguna. "Haya, mwanangu. Angalau umesema."

Mkuu wa maabara alivuta kiti. "Programu ilipozimia, ilitupa aibu ya dakika moja. Ulipoirekebisha, ikaanza kutudanganya. Kweli, tungempima fundi kabla ya kuchukua damu yake, lakini nusu saa ingekuwa imepotea. Na mimi nimekosa. Sikulirudia kundi lile kulijaribu. Sasa irekebishe, polepole."

Safari hii Chapuchapu aliandika mstari mmoja mmoja. Programu iulize kwanza kama orodha ina watu. Ikiwa nao, imtaje wa kwanza. Ikiwa tupu, iandike: HAKUNA MTU WA KUNDI HILI. PIGA SIMU HOSPITALI KUU. Waliyajaribu makundi yote manane, mama akilinganisha kila jibu na daftari.

"'Hakuna' nalo ni jibu," mama alisema walipomaliza. "Ukiona kasoro kwenye kazi yako, iseme siku hiyohiyo. Nitakasirika, halafu itapita. Yule mama wodini hakuweza kusubiri aibu yako iishe."