Panya Walioacha Kula

Miaka ile, kila nilipotoka shule nilipitia maabara alikofanya kazi shangazi, nikakaa naye mpaka mama atoke kazini. Hadi leo nikisikia harufu ya maranda ya mbao, kama yale waliyotandikiwa panya wa maabara, namwona shangazi na koti lake jeupe, akiongea na panya kwa adabu kama yuko mbele ya wakwe.

Alikuwa akichunguza homoni ya utumbo. Alinieleza kwamba mtu akila, utumbo hupeleka habari kwenye ubongo: inatosha, nawa mikono. Alitaka kujua kama panya wakidungwa homoni hiyo watakula kidogo. Mimi niliruhusiwa kuwatazama tu. Nilimpenda zaidi mmoja tuliyemwita Mlafi. Akishiba alijipangusa uso, akajilamba manyoya, kisha akalala fofofo.

Siku moja nilimkuta shangazi amejaa furaha. Panya waliodungwa walikuwa wameacha chakula. Mkuu wa maabara alikuwa amempongeza na kumwambia ajiandae kutangaza matokeo mkutanoni.

Nikasogelea kizimba cha Mlafi, ambaye naye alikuwa amedungwa. Alikuwa amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, macho wazi. Hakujilamba wala hakulala. Nilisita, maana sikutaka kumharibia shangazi siku yake. Mwishowe nikasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, Mlafi hajashiba. Anaumwa."

Aliinama, akamtazama kwa muda mrefu. Furaha ikamtoka usoni. Kisha akaenda kwa mkuu kumwambia kwamba hakuna cha kutangaza: huenda dozi ilikuwa kubwa mno, na panya walikataa chakula kwa kichefuchefu, si kwa shibe. Mkuu alinuna, akalalamika kwamba kazi yote ile imepotea bure.

Shangazi aliwaacha panya wapone, akapunguza dozi, akaanza upya. Likizo ilikuja ikapita. Hatimaye, alasiri moja, Mlafi alikula kidogo, akajipangusa, akalala. Wenzake nao vivyo hivyo. Safari hii mkuu mwenyewe alikuja kuchungulia, akacheka.

Tulipokuwa tukifunga madirisha, nilimuuliza shangazi kama siku ile nilimkasirisha.

"Uliniumiza," alisema. "Nilikuwa nimepata nilichokitaka, nikaacha kutazama. Mwanangu, ukiona jambo, liseme kama ulivyoliona, hata kama anayekusikiliza ni mtu unayempenda. Hasa huyo."